Sahani ya Mja Mzito ni Amana ya Nyumba Nzima



Sifa zote njema ni za Allah, aliyetuumba ndani ya matumbo ya mama zetu hatua baada ya hatua, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, aali zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Wiki hii safu yetu inawaelekea binti zetu walioolewa au waliofuata kazi na masomo huko bara, hususan Thika na Ruiru, katika kaunti ya Kiambu. Tangu barabara kuu ya Thika ilipopanuliwa na kufunguliwa rasmi mwaka 2012, miji hii imepokea watu wengi mno, na sensa ya mwaka 2019 iliikuta Ruiru peke yake ina wakaazi karibu nusu milioni. Miongoni mwao wamo watoto wetu wa Mombasa, Lamu, Malindi na Kwale, wanaoishi katika nyumba za kupanga, mume akitoka alfajiri na kurudi usiku.

Huku kwetu pwani, binti akishika mimba, nyumba hujaa macho ya kumtazama. Nyanya huuliza amekula nini, shangazi huleta samaki, jirani hupitisha bakuli la mbaazi. Kule Ruiru, mama mzazi yuko umbali wa kilomita mia nne na zaidi, na jirani wa mlango wa pili huenda hajui hata jina lake. Basi nani anaitazama sahani ya binti yule? Hilo ndilo swali letu la leo, na jawabu lake lina upande wa dini na upande wa afya.

Tuanze na dini. Katika Suratu Luqman, Mola wetu anatukumbusha kwamba mama humbeba mtoto kwa udhaifu juu ya udhaifu. Katika Suratu Talaq, anawaamrisha wanaume wawagharimie wake waliowapa talaka wakiwa wajawazito mpaka wajifungue. Hebu tulitafakari hilo. Ikiwa mwanamke aliyekwisha achwa ana haki ya matumizi kwa ajili ya ile mimba, basi aliye ndani ya ndoa, anayempikia mumewe kila jioni, haki yake ni kubwa zaidi. Nafaqa ni deni lililo shingoni mwa mume kwa kadiri ya uwezo wake, na mke haombi hisani anapodai chakula kimfaacho. Tunajua pia kisa cha Bi Hind binti Utba, aliyemshtakia Mtume, rehema na amani zimshukie, kuwa mumewe hampi matumizi ya kutosha. Mtume alimruhusu achukue katika mali ya mume kiasi cha kumtosha yeye na wanawe kwa wema, bila ya kupita mpaka.

Sasa tuje kwenye afya, na tuanze na damu, kwani ndipo penye hatari kubwa. Mwili wa mja mzito huongeza damu nyingi ili umlishe mtoto kupitia kondo la nyuma, na damu hiyo haitengenezwi bila ya madini ya chuma. Madini yakipungua, mama huchoka, hupumua kwa shida anapopanda ngazi, moyo humdunda, na viganja na ndani ya vikope hupauka. Wengi hudhani huo ni uchovu wa kawaida wa mimba. Uchunguzi wa kitaifa wa virutubisho uliofanywa Kenya mwaka 2011 uliwakuta takriban waja wazito wanne katika kila kumi wakiwa na upungufu wa damu. Mama mwenye damu kidogo huweza kuzaa kabla ya wakati au kuzaa mtoto mwenye uzito mdogo, na akitokwa na damu nyingi siku ya kujifungua, hana akiba ya kumvusha. Hapo ndipo sahani ya miezi tisa inapogeuka kuwa suala la uhai na mauti.

Kwa sababu hiyo, jambo la kwanza ni kuwahi kliniki, kabla mimba haijatimiza miezi mitatu. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2016 mama aonane na wahudumu wa afya angalau mara nane katika ujauzito wake. Aliye Thika anayo hospitali ya Thika Level 5, aliye Ruiru anayo hospitali ya Ruiru, na vituo vidogo vya afya vimo mitaani. Huko atapimwa damu, shinikizo la damu na mkojo, atapewa kitabu cha mama na mtoto, na atapewa vidonge vya madini ya chuma vyenye asidi ya foliki vya kumeza kila siku. Asidi ya foliki humkinga mtoto asizaliwe na mgongo wazi, na kazi hiyo hufanyika katika wiki nne za mwanzo za uhai wake tumboni, wakati mama wengi hata hawajajua kuwa wameshika mimba. Mwenye nia ya kuzaa ni vyema avianze mapema.

Vidonge hivyo hulalamikiwa sana. Huleta kichefuchefu, hufunga choo na hufanya choo kiwe cheusi. Weusi huo hauna madhara. Kichefuchefu hupungua kidonge kikimezwa pamoja na chakula au wakati wa kulala, nayo maji mengi, mboga na matunda hulainisha choo. Kisimezwe kwa chai wala kwa maziwa, kwani vyote viwili huzuia madini yasiingie mwilini. Na kikimshinda mtu kabisa, arudi kwa muuguzi amweleze. Kuvificha vidonge kabatini na kusema umemeza ni kujidanganya mwenyewe.

Ama chakula chenyewe, binti zetu hulalamika kuwa bara hakuna vyakula vyetu. Ukitembea katika soko la Madaraka pale Thika, au soko la Githurai kwa aliye upande wa Ruiru, utaona kuwa vingi vipo ila vimebadilisha majina. Mnavu wetu huitwa managu. Mchicha huitwa terere. Kunde zipo, majani na mbegu. Ndengu na maharagwe yamejaa magunia. Njahi, yale maharagwe meusi yenye mstari mweupe, majirani zetu Wakikuyu humpikia mama aliyejifungua ili apate nguvu. Ukiyapika kwa nazi kama upikavyo mbaazi, hutayaona mageni tena. Omena kutoka Ziwa Victoria ni dagaa tu, halali yako, wenye protini na madini, na wakiliwa pamoja na mifupa yao midogo humjengea mtoto mifupa.

Nawapendekezea mpangilio mwepesi wa siku moja. Asubuhi, uji wa wimbi au wa mtama wenye maziwa, na yai moja lililoiva barabara. Kati ya asubuhi na adhuhuri, tunda: ndizi, embe, papai lililoiva au parachichi, ambalo Kiambu limejaa. Mchana, wali au ugali kwa ndengu au maharagwe, na mboga za majani zisizochemshwa hadi zikapoteza rangi. Alasiri, njugu kiganja kimoja au maziwa ya mala. Usiku, samaki, kuku au nyama kidogo, pamoja na mboga tena na kipande cha chungwa. Ukinunua unga, tafuta ulioongezwa virutubisho, kwani tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya inawataka wasagaji wa viwandani wauongeze unga wa mahindi na wa ngano madini na vitamini. Chumvi iwe yenye madini ya joto, wala isizidi.

Wazee husema mja mzito anakula kwa watu wawili. Maneno hayo yana ukweli, lakini yasifahamike kuwa ni sahani mbili za pilau. Miezi mitatu ya mwanzo mahitaji hayaongezeki sana. Baada ya hapo hutosha kuongeza mlo mmoja mdogo kwa siku. Kinachotakikana zaidi ni ubora wa chakula. Mahamri, viazi karai, soda na haluwa hujaza tumbo na kuongeza uzito, na mwenye kisukari cha ujauzito humdhuru yeye na mwanawe.

Chai ina habari yake. Sisi watu wa pwani hatuli bila ya chai, na wenzetu wa bara vivyo hivyo. Chai ikinywewa pamoja na chakula hukamata madini ya chuma yaliyomo katika mboga na maharagwe, nayo hupita bure. Ikae mbali na mlo kwa muda wa saa moja au mbili. Kahawa nayo ipunguzwe. Najua Ruiru ni mji wa kahawa, ndiko ilikotoka mbegu mashuhuri ya Ruiru 11 mwaka 1985, lakini kikombe kimoja kwa siku kinamtosha mja mzito.

Kinyume cha chai ni matunda makali. Chungwa, ndimu, embe na nanasi huyasaidia madini ya chuma kuingia mwilini. Hapa husikia watu wakisema nanasi huharibu mimba, na binti aliyezungukwa na mashamba ya nanasi ya Thika hupita akilitamani na kuliogopa. Nanasi lililoiva, likioshwa, likamenywa na kuliwa vipande vichache pamoja na mlo, halina ushahidi wa kutoa mimba. Likizidi huleta kiungulia, basi liwe kwa kiasi.

Nanyi wazazi mlio pwani, mnaowatumia binti zenu vifurushi kwa basi, Allah awalipe kheri. Lakini angalieni mnachokifunga. Papa mkavu ni kitamu kwa nazi, ila papa na nduaro ni samaki wakubwa wanaokula samaki wengine, na miilini mwao hukusanyika zebaki inayodhuru ubongo wa mtoto aliye tumboni. Mja mzito aepukane nao mpaka amalize kunyonyesha. Badala yake mtumieni dagaa, tende, ufuta na mbaazi. Samaki wa chumvi na achari zisizidi, hasa kwa aliyeambiwa kuwa shinikizo lake la damu limepanda.

Kuna na kitu kingine kinachouzwa karibu na kila soko, nacho ni udongo wa kula, ambao bara huitwa odowa. Jambo hili linatuhusu sisi kwa karibu. Utafiti uliochapishwa mwaka 1998 juu ya waja wazito wa Kilifi ulikuta zaidi ya nusu yao wakila udongo mara kwa mara, na walaji wa udongo ndio waliokuwa na upungufu zaidi wa madini ya chuma. Hamu ya udongo mara nyingi ni ishara ya damu kupungua, na udongo wenyewe hauiponyi. Huweza kuzuia madini yasiingie mwilini, na huweza kubeba mayai ya minyoo na madini ya sumu kama risasi. Anayejikuta anautamani asione haya. Akamwambie muuguzi, apimwe damu na atibiwe.

Usafi wa chakula nao ni sehemu ya lishe. Maziwa yanayouzwa mlangoni yachemshwe mpaka yafure, nyama na mayai viive kabisa, na mboga na matunda vioshwe kwa maji safi. Mahindi yaliyoota kuvu yatupwe, wala yasisagwe kwa kuhurumia pesa. Mwaka 2004 sumu ya kuvu iliwaua watu 125 katika Makueni, Kitui, Machakos na wilaya ya Thika ya wakati huo. Maini yana madini mengi ya chuma, lakini yana vitamini A nyingi kiasi cha kuweza kumdhuru mtoto yakizidi, hivyo yasifanywe chakula cha mara kwa mara. Dawa za miti zinazouzwa kwa jina la kusafisha tumbo au kurahisisha uzazi, mja mzito asizinywe bila ya kumuuliza daktari.

Zipo pia desturi zinazomnyima mama haki yake. Wako wanaomkataza mja mzito mayai wakidai mtoto atazaliwa bila ya nywele. Wako wanaomwambia ale kidogo ili mtoto asiwe mkubwa akashindwa kumzaa. Katika dini yetu hakuna aya wala hadithi inayokataza hayo, na madaktari wanatwambia kuwa mtoto aliyenyimwa chakula tumboni huzaliwa dhaifu na huugua upesi. Desturi mbaya kuliko zote haina maneno, nayo ni ile ya mama kula wa mwisho. Mume hupata kipande kikubwa cha samaki, watoto hupata kinachofuata, na aliyepika, mwenye roho mbili, hubaki na mchuzi na ukoko. Wengi hufanya hivyo kwa mapenzi na subira. Lakini subira hii inalipwa na asiye na sauti, yule aliye tumboni.

Kwa wale wenye mimba changa, ambao harufu ya kitunguu tu huwatapisha, wasijilazimishe sahani kubwa. Wale kidogo kidogo kila baada ya saa mbili au tatu: kipande cha mkate mkavu au muhogo kabla ya kuinuka kitandani, maji kwa mafunda madogo, tangawizi kidogo. Asiyeweza kushika hata maji, au mkojo wake ukawa mchache na wa rangi nzito, aende hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo aende haraka mwenye kutokwa na damu, mwenye kuumwa na kichwa sana, mwenye kuvimba uso na mikono, mwenye kuona kiwi, au aliyehisi mtoto hachezi kama desturi yake. Baadhi ya hizo ni dalili za kifafa cha mimba, na chakula hakitibu kifafa cha mimba.

Swali la funga huulizwa sana. Ramadhani ikimkuta mwanamke ana mimba, naye akahofia nafsi yake au mwanawe, sharia imempa rukhsa ya kufungua. Kwa madhehebu ya Imam Shafi'i, yanayofuatwa na wengi wetu, akihofia nafsi yake, au nafsi yake pamoja na mtoto, atalipa siku zile tu. Akihofia mtoto peke yake, atalipa siku na kutoa kibaba kimoja cha chakula kwa maskini kwa kila siku. Daktari mwaminifu akimwambia kuwa funga itamletea madhara makubwa, basi kufungua ni wajibu juu yake. Mwenye kujiona mzima na daktari akaridhia, afunge, ale daku ya nguvu, na asiache vidonge vyake usiku. Mama mkwe asimtazame kwa jicho baya aliyefungua, kwani rukhsa ni sadaka ya Allah kwa waja wake.

Tukumbuke pia kisa cha Bibi Maryam, alipokuwa peke yake, mbali na watu wake, uchungu ukamshika chini ya mtende. Mola wake alimpa tende mbivu na maji, na akamwambia ale, anywe na moyo wake utulie. Watafiti wa Jordan walichapisha mwaka 2011 matokeo ya wanawake waliokula tende sita kila siku katika wiki nne za mwisho; uchungu wao ulianza wenyewe kwa wingi zaidi kuliko wasiokula, ingawa waliochunguzwa walikuwa wachache. Mwenye kisukari aulize kwanza.

Ewe mume uliyeko Thika au Ruiru, pesa zikiwa chache, panga upya matumizi kabla ya kumwambia mkeo avumilie. Mayai, omena, ndengu na mboga za majani havipiti uwezo wa nyumba nyingi zinazonunua soda na vifurushi vya simu. Mgawie samaki wake kabla ya kujigawia wewe. Mbebee maji na ndoo nzito, na siku ya kliniki fuatana naye ili usikie kwa masikio yako. Nanyi wavyele, mkipiga simu msiulize tu kama mtoto anacheza. Muulizeni binti yenu leo amekula nini, na kama damu yake imepimwa. Na waumini wa misikiti ya miji hiyo, mkimjua mja mzito aliye mgeni mtaani kwenu, mpitishieni bakuli, kama walivyokuwa wakifanya mama zetu.

Tunamuomba Allah awahifadhi waja wazito wetu wote, awafungulie kwa usalama, awape watoto wenye afya na wema, na awalaze mahali pema mama waliofariki wakizaa. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.